Koili Iliyovishwa Nguo

Mwaka wa tisini na sita, watu wa mtaa wa Shieywe mjini Kakamega hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Waliamshwa na harufu ya mkate. Harufu hiyo ilitoka nyumbani kwa Osman na mkewe Zeituni, waliokuwa na tanuri nyuma ya nyumba yao.

Osman alikanda unga. Lusweti, mfanyakazi wao, alichochea moto na kuoka. Zeituni aliendesha gari.

Ndiyo, Zeituni. Zamani gari liliendeshwa na Osman. Kisha siku moja akapanda juu ya paa kupigilia mabati, akateleza, akavunjika paja. Tangu hapo alitembea kwa magongo. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba gari litauzwa. Zeituni aliposikia alikasirika.

"Liuzwe kwa nini?" aliuliza. "Kwani na mimi nimevunjika?"

Akajifunza kuendesha. Akapata leseni. Akaanza kupeleka mkate mwenyewe, kanga kichwani na mikono miwili kwenye usukani.

Gari lao lilikuwa vani nyeupe. Lilitoka ng'ambo likiwa limetumika, lakini lilikuwa la kisasa kuliko magari mengi ya mtaani. Halikuwa na platini, vile vyuma vidogo vya kukata umeme, za kusugua kila mara kama magari ya zamani. Kila Jumatatu na Alhamisi lilibeba mkate hadi shule moja ya wasichana, ya bweni, upande wa Butere. Wasichana walikuwa wengi, na wasichana wa bweni wanakula! Zaidi ya nusu ya mkate wa tanuri lile ulikwenda huko. Bila shule hiyo, tanuri lingepoa.

Mkate ulitakiwa ufike kabla ya chai ya saa kumi. Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Gari lilikuwa likizima njiani.

Mara ya kwanza lilizima katika mvua. Nawe unaijua mvua ya Kakamega. Asubuhi jua, mchana mawingu, alasiri mvua inashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Siku hiyo gari lilipita kwenye dimbwi, likakohoa, likatetemeka, likazima. Zeituni alipangusa injini kwa kitambaa kikavu. Likawaka.

Alipofika nyumbani, Osman alitoa hukumu pale pale.

"Koili imeingia maji," alisema.

Koili ni kile kitu cha mviringo, mfano wa kopo dogo, kilichofungwa kando ya injini. Osman alichukua karatasi ya nailoni, akaizungushia koili, akaikaza kwa kamba. Alifurahi sana na kazi yake.

Wiki chache baadaye, gari likazima tena. Osman akaongeza tyubu kuukuu ya baiskeli juu ya nailoni. Likazima tena. Akavua fulana yake ya zamani, akaikunja, akaifunga juu ya tyubu.

"Sasa hata gharika haitaigusa," alisema.

Jamani! Mtu akitokwa na jasho, unamvisha sweta? Lakini hakuna aliyejua kwamba koili nayo inahitaji kupumua.

Jumatatu moja mwezi wa Juni, gari lilizima katikati ya mashamba ya miwa. Zeituni alingoja mpaka likakubali kuwaka. Alipofika shuleni, vikombe vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Namalwa, mama msimamizi wa jikoni, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Nadia, leo wasichana wangu wamekunywa chai kavu," alisema Namalwa.

"Pole sana, mama. Gari limenisumbua."

"Gari linakusumbuanga kila mara. Mimi sikuchukii. Mkate wako ni mtamu. Lakini Alhamisi tuna mkutano wa wazazi. Mkate usipofika kabla ya saa kumi, nitatafuta mtu mwingine. Nakwambia mapema ili usije ukasema Namalwa ana roho mbaya."

Zeituni aligeuza gari.  Njia nzima ya kurudi aliwaza juu ya ada ya shule ya Nadia, binti yake. Aliwaza juu ya Lusweti, ambaye watoto wake walikula kwa kazi ya tanuri hilo. Alipofika nyumbani, aliwaeleza Osman na Lusweti.

"Mama, hiyo ni betri," alisema Lusweti. "Nunua betri mpya."

"Betri gani? Ni maji," alisema Osman. "Niletee lile blanketi la zamani. Nitaongeza..."

"Baba Nadia, leo mvua imenyesha?" Zeituni alimkatiza.

"Dalili ya mvua ni mawingu. Na mawingu yalikuwepo."

"Mawingu yanazima gari? Wallahi, leo haikunyesha hata tone moja! Barabara ilikuwa vumbi tupu. Basi hayo maji yaliingia kutoka wapi?"

Osman alikuna ndevu. 

"Nakwenda kwa Mwalimu Dorothy," alisema Zeituni.

Mwalimu Dorothy alikuwa jirani yao. Alifundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi. Osman hakuwahi kumuuliza neno.

"Dorothy?" alisema Osman. "Mimi nimeendesha gari kabla Dorothy hajaota meno!"

"Na sasa meno anayo," alijibu Zeituni, akatoka.

Alimkuta Dorothy akisonga obusuma, yaani ugali. Dorothy alimsikiliza bila kuacha mwiko wake.

"Linazima vipi?" aliuliza Dorothy.

"Linazima tu, Mwalimu."

"Hapana. 'Linazima tu' si jibu. Linakohoa na kuvutavuta kabla ya kuzima? Ama linakatika ghafula kama taa?"

Zeituni alifikiri. "Mara ya kwanza, kwenye mvua, lilikohoa. Siku hizi linakatika ghafula."

"Likiwa baridi, ama likiwa limeshapata moto?"

"Asubuhi nikizunguka mjini halina neno. Ni safari ndefu ndiyo inalishinda."

"Na ukingoja?"

"Nikingoja linawaka. Linawaka kana kwamba halikufanya kosa lolote!"

"Na leo hakukunyesha."

"Hata tone."

"Basi leo mvua haina kesi ya kujibu," alisema Dorothy, akaepua sufuria.

Zeituni alivuta pumzi. "Niambie ninunue nini, Mwalimu. Hata kama ni betri, nitatafuta."

"Usinunue kitu! Watu wetu wana ugonjwa huo. Gari likisumbua, wanabadilisha hiki, wanabadilisha kile, kama mtu anayemeza dawa zote za dukani. Kwanza tujue ugonjwa. Jumatano sina somo asubuhi. Tutaliendesha mpaka lizime."

"Mwalimu, mimi nalilia liwake, wewe unataka lizime?"

"Mtu wa homa anapimwa homa ikiwa juu. Ikishashuka utaona nini? Mafundi wengi wanaletewa gari likiwa limepoa. Wanaliwasha, linawaka, wanasema ni zuri. Mimi nataka tulikamate palepale."

Jumatano asubuhi wakaondoka. Dorothy alikuwa na ovaroli na mkoba wa vyuma. Jua liliwaka. Na gari? Siku hiyo likawa na adabu kuliko bibi harusi. Lilipanda kilima, likashuka. Likapita miwa, likapita soko. Zeituni alianza kuona aibu.

"Linanidanganya," alisema. "Likiona mwalimu linajifanya jema."

"Endesha tu. Lipate moto."

Waligeuka, wakapanda kilima tena. Walipokaribia juu, injini ikakatika. Kimya.

"Alhamdulillahi!" Zeituni alipiga kelele.

Dorothy alicheka mpaka akapiga mlango kofi. "Leo unamshukuru Mungu kwa gari kuzima! Haya, vuta breki ya mkono. Twende haraka kabla halijapoa."

Walifungua boneti. Dorothy alizungumza polepole huku akifanya kazi.

"Injini ya petroli inataka vitu viwili vikubwa: petroli na cheche ya moto. Gari likikatika, uliza kwanza ni kipi kimekosekana. Tuanze na petroli."

Alifunua mdomo wa kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa. Akasukuma kile chuma kinachovutwa na pedali ya mafuta. Zeituni aliinama, akaona petroli ikiruka ndani.

"Petroli ipo," alisema Zeituni.

"Ipo. Funika, tusicheze na cheche karibu na petroli iliyo wazi. Sasa tutafute cheche."

Dorothy alitoa mkobani plagi nzuri, ile inayorusha cheche ndani ya injini. Akachomoa waya wa plagi moja ya injini, akauchomeka kwenye plagi ile. Kisha akaishika kwa koleo lenye mpira, akaigusisha kwenye chuma cha injini.

"Usishike waya huu kwa mkono mtupu, hata siku moja," alisema. "Umeme wake utakurusha. Nenda, piga stata."

Zeituni alipiga stata. Injini ilizunguka, lakini plagi ilikuwa giza.

"Hakuna cheche," alisema Dorothy. "Huenda waya wa plagi ni mbovu. Huenda ni distributa, ile inayogawa umeme kwa kila plagi. Basi turuke vyote hivyo, twende kwenye chanzo."

Alichomoa waya mnene unaotoka katikati ya koili, akauunganisha na plagi yake. Stata ikapigwa tena. Giza.

"Sasa tujue kama umeme unafika kwenye koili." Akatoa taa ndogo ya kupimia. Aliigusisha upande mmoja wa koili, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikawaka. Akaigusisha upande wa pili, Zeituni akapiga stata. Taa ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika.

"Umeona? Betri inaleta umeme. Swichi ya ndani inakata na kuunganisha kama inavyotakiwa. Koili inapewa kila kitu, na haitoi kitu. Kazi yake ni kuchukua umeme mdogo wa betri na kuufanya mkubwa, mpaka uweze kuruka kwenye plagi. Sasa hairushi. Zima ufunguo, tumwone mgonjwa."

Hapo Dorothy akaitazama koili vizuri. Akashtuka.

"Mama Nadia! Hii ni nini?"

"Ni Baba Nadia. Aliikinga na mvua."

Dorothy alikata kamba. Akatoa fulana. Akatoa tyubu ya baiskeli. Akatoa nailoni, ambayo ilikuwa imeyeyuka na kushikamana na chuma. Mvuke wa harufu ya mpira ulitoka.

"Mungu wangu! Amesahau tu kuifunga shingoni kitambaa," alisema Dorothy. "Sogeza mkono karibu. Usiguse!"

Zeituni alisogeza mkono. Joto lilimpiga kama mlango wa tanuri.

"Koili ikifanya kazi inapata joto. Hiyo ni kawaida," alisema Dorothy. "Hewa inapita, inaipoza. Ninyi mmeizibia hewa. Ndani yake kuna waya mwembamba, umezungushwa mara nyingi sana. Waya huo umefunikwa ili umeme usivuje. Joto likizidi, kifuniko kinaharibika. Sasa ikipata moto inakataa kazi. Ikipoa inakubali. Ndiyo maana ukingoja linawaka."

Zeituni aliona uchungu. Miezi yote hiyo walikuwa wakiiua koili kwa kuipenda.

"Itapona nikiivua nguo?"

"Haitapona. Imeshaungua ndani. Lakini bado tunadhani tu. Tuhakikishe."

Walingoja koili ipoe, wakapima tena. Sasa cheche ikatokea, kwanza dhaifu na nyekundu, baadaye ya buluu. Dorothy hakuridhika. Akatoa koili nyingine mkobani, nzima, ya aina ile ile, aliyoazima chuoni. Akaifunga. Zeituni akaendesha. Wakapanda kile kilima na kukishuka, wakakipanda tena, mpaka injini ikawa moto kuliko mwanzo. Gari halikuzima.

"Sasa tunajua," alisema Dorothy.

Nyumbani, Osman aliiangalia fulana yake iliyoungua. Alikasirika kidogo, kwa sababu alikuwa ameaibika.

"Sawa, ni joto," alisema. "Lakini ile mara ya kwanza lilizima kwenye mvua. Hilo nalo ni uongo?"

"Si uongo, Baba Nadia," alisema Dorothy. "Mara ya kwanza yalikuwa maji. Hapo ulisema kweli. Lakini hayakuingia kwenye koili. Lusweti, tusaidie kusukuma gari liingie ghalani, mfunge madirisha. Nataka giza."

Ghala la unga lilikuwa limeondolewa magunia ili lifagiliwe, hivyo vani iliingia. Mlango ukaachwa wazi kidogo nyuma ya gari ili moshi utoke. Dorothy aliwasha injini, akachukua chupa ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi. Akanyunyizia maji kidogo juu ya nyaya za plagi. Katika giza lile, vimulimuli vya buluu vikaanza kuruka kutoka kwenye waya mmoja kwenda kwenye chuma. Injini ikaanza kukohoa.

"Astaghfirullah!" alisema Osman.

"Waya umepasuka," alisema Dorothy. "Ukiwa mkavu unavumilia. Ukilowa, umeme unatorokea hapo. Gari lilikuwa na magonjwa mawili, Baba Nadia. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa waya. Kwa kuutibu mahali pasipo pake, ukaleta wa pili."

 Osman alicheka, akatikisa kichwa.

"Kuuliza si ujinga," alisema. "Mjinga ni mimi niliyekaa na jirani fundi, nisimuulize."

Jioni hiyo Zeituni alikwenda duka la spea, koili ya zamani mkononi. Muuzaji alimletea nyingine.

"Hii ni rahisi, mama. Na inafanana."

Zeituni alizigeuza zote mbili chini ya taa. "Maandishi si sawa."

"Koili ni koili, mama."

"Mwalimu wangu ameniambia koili si koili. Nyingine zinataka kizuizi cha umeme kando, zisipokipata zinaungua. Niletee yenye maandishi haya haya. Na seti ya nyaya za plagi."

Muuzaji alitafuta rafu hadi rafu. Zeituni hakuondoka. Mwishowe ikapatikana. Asubuhi yake Dorothy aliisimamia kazi, na Zeituni akafunga koili kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi mchana, kreti zilipokuwa zikipakiwa, mbingu ilifunguka. Mvua ilinyesha hata huoni nyumba ya jirani. Osman alisimama mlangoni kwa magongo yake. Mkononi alikuwa na karatasi ya nailoni.

"Kidogo tu, Mama Nadia," alisema. "Kwa ajili ya leo tu."

"Baba Nadia, iweke chini."

Osman aliitazama mvua. Aliitazama nailoni. Akaiweka chini.

"Bismillahi," alisema Zeituni, akaondoka.

Maji yaliruka pande zote za gari. Alipita kwenye dimbwi la kwanza akiwa ameuma meno. Injini haikukohoa. Akapita la pili. Katikati ya mashamba ya miwa alikuta trekta imekwama na trela yake, imeziba njia. Wanaume walikuwa wakiisukuma, wamejaa matope.

"Mama, zima gari!" mmoja alimpigia kelele. "Hapa ni kukaa!"

Zeituni alitikisa kichwa. Aliogopa. Injini ilikuwa moto sana sasa. Ikizima, je, itawaka? Alikaa, akiisikiliza ikinguruma, huku akitazama saa.  Hatimaye trekta ikasogea, pakapatikana nafasi nyembamba. Akapita polepole, magurudumu yakiteleza, miwa ikikwaruza mlango.

Aliingia lango la shule kengele ya chai ikiwa bado haijalia. Namalwa alikuja mbio na mwavuli. Wapishi walibeba kreti ndani, na wazazi waliokuwa wamejikinga barazani walisikia harufu ya mkate wakageuza shingo.

"Umefika!" alisema Namalwa. "Katika mvua hii! Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Kuanzia leo sitafuti mtu mwingine. Zima gari, mama, ushuke unywe chai."

Mkono wa Zeituni ulibaki kwenye ufunguo. Miezi mingi gari hilo lilikuwa likizima lenyewe, lilipotaka, mahali lilipotaka. Akavuta pumzi, akageuza ufunguo. Injini ikanyamaza. Ilibaki sauti ya mvua tu juu ya bati.

Akageuza ufunguo tena. Gari likawaka mara moja.

"Sasa mbona unaliwasha, na hujashuka?" Namalwa alishangaa.

Zeituni alikuwa akicheka, macho yamejaa machozi.

"Nilitaka tu kujua nani analizima," alisema.

Akalizima, akashuka, akaenda kunywa chai.